Je, asilimia 12 ya taifa inaiona mikoko ya Amu?

Swali: "Assalamu alaykum. Mimi ni katibu wa kikundi cha mikoko hapa Matondoni, Lamu. Redioni nimesikia Kenya imeshapita lengo la asilimia 10 ya miti, sasa tuko 12 na kidogo. Nikitoka nje naona mambo mengine. Boriti nzuri hazipatikani karibu, wavuvi wanakwenda mbali, na kisima chetu kimeingia chumvi. Hizo takwimu za taifa ni za kweli? Zinapimwaje? Na sisi tukitaka kupima hali yetu ili tusikike, tuanzie wapi?"

Waalaykum salaam, katibu. Ulichosikia redioni ni kweli, na unachokiona ukitoka nje ni kweli pia. Najua hilo halikutoshi, kwa hiyo nitakujibu kirefu, maana swali lako ndilo swali ambalo watu wa takwimu za mazingira wangepaswa kuulizwa kila siku.

Tuanze na hiyo namba. Shirika la Misitu la Kenya, KFS, lilifanya tathmini ya nchi nzima mwaka 2021 na kupata kwamba miti inafunika asilimia 12.13 ya Kenya. Katiba ya 2010, kifungu cha 69, inaitaka serikali ihakikishe miti inafunika angalau asilimia 10 ya ardhi. Kwa hiyo lengo limepitwa. Lakini tathmini hiyohiyo ilikuwa na namba ya pili ambayo redioni haisemwi sana, nayo ni eneo la msitu, asilimia 8.83. Zote mbili ni sahihi, tofauti iko kwenye kinachohesabiwa. Ile ya 12.13 inachukua hata miti iliyotawanyika mashambani na kandokando ya barabara. Ya 8.83 inachukua msitu tu, na msitu kwa Kenya maana yake ni eneo lisilopungua nusu hekta, lenye miti ya kimo cha mita 2 au inayoweza kufikia kimo hicho, na matawi yanayofunika angalau asilimia 15 ya ardhi. Shirika la Umoja wa Mataifa la Chakula na Kilimo, FAO, linataka miti ipite mita 5 lakini linaridhika na asilimia 10 ya kivuli. Badilisha maneno haya machache tu na msitu utaongezeka au utapungua kwenye karatasi bila mtu yeyote kushika shoka wala kupanda mche.

Sasa nifanye hesabu moja ambayo nataka muifanye pia nyinyi wenyewe kwenye kikao chenu. Lamu ina karibu hekta 37,350 za mikoko, kwa mujibu wa mpango wa taifa wa usimamizi wa mikoko wa 2017 hadi 2027. Hiyo ni takriban asilimia 61 ya mikoko yote ya Kenya. Nchi nzima, pamoja na maziwa yake, ina karibu hekta milioni 59. Tuseme, Mungu atuepushie, mikoko yote ya Lamu ifyekwe kesho, kuanzia Matondoni na Kipungani mpaka Ndau na Kiunga, pasibaki hata mti mmoja. Ile asilimia 8.83 ya msitu itashuka mpaka 8.77. Ile 12.13 itakuwa 12.07, na redio itaendelea kutangaza kwamba tumepita lengo la Katiba.

Hilo ndilo jibu langu kwa sehemu ya kwanza ya swali lako. Takwimu ya taifa hajaitengeneza mtu ili akudanganye, ila imetengenezwa kujibu swali la taifa, na swali la taifa ni kubwa mno kuweza kukuona wewe.

Nyinyi mnalijua jambo hili kwa njia nyingine. Miaka yote manahodha wa kwenda Pate na Faza wamekuwa wakipita mkondo wa Mkanda, kati ya Manda na bara, na miaka yote wamekuwa wakiangalia maji kwanza. Nahodha anayetupa bildi, ile kamba yenye risasi ya kupimia kina, hatafuti wastani wa kina cha Mkanda wote. Mashua haikwami kwenye wastani, inakwama pale penye fungu la mchanga. Waziri aliye Nairobi anahitaji wastani ili agawanye bajeti na aripoti Umoja wa Mataifa, ambako kuna malengo 17 ya maendeleo endelevu na viashiria zaidi ya 230, na eneo la msitu ni kimojawapo. Ni haki yake. Katibu wa Matondoni anahitaji kujua fungu liko wapi.

Neno kiashiria lisikutishe. Ni kitu kimoja unachokipima ili kikuambie habari za vitu vingi usivyoweza kupima. Huwezi kuhesabu kila samaki baharini, lakini unaweza kuhesabu wanaoteremshwa gatini. Wataalamu wa OECD, jumuiya ya nchi tajiri, tangu mwanzoni mwa miaka ya 1990 wamekuwa wakivigawa viashiria katika mafungu matatu, na mpaka leo sijaona mgawanyo mwepesi kuushinda. La kwanza ni shinikizo, yaani kinachoyasukuma mazingira: korija ngapi za boriti, yaani mafungu ya ishirini ishirini, zimekatwa, mashua ngapi zinavua, maji kiasi gani yanavutwa na pampu. La pili ni hali yenyewe, kwamba mikoko imesimama vipi na kisima kina chumvi kiasi gani. La tatu ni hatua ambazo watu na serikali wamechukua. Watu wa Ulaya baadaye waliongeza mafungu mengine mawili, chanzo kinachozalisha shinikizo na athari zinazowafikia watu, lakini kwa kikundi cha kijiji matatu yanatosha.

Kasoro kubwa ya taarifa nyingi za mazingira, na hapa nasema kwa uchungu, ni kuripoti fungu la tatu kana kwamba ndilo la pili. Mwishoni mwa 2022 serikali ilianzisha kampeni ya kupanda miti bilioni 15 ifikapo 2032, ili miti ifunike asilimia 30 ya nchi. Idadi ya miche iliyopandwa ni hatua. Hali ni miche mingapi iko hai baada ya miaka mitatu. Kwenye mikoko tofauti hiyo ni kubwa zaidi, kwa sababu mbegu za mkoko ni rahisi kuchomeka: watu mia moja asubuhi moja wanajaza ufuko mzima, picha zinapigwa, namba inaandikwa. Pale ambapo bahari inakaa juu ya mche kwa saa nyingi mno, au mahali pa mkandaa, aina nyingine ya mikoko, pamepandwa mkoko, mche hufa, na namba iliyokwisha kuandikwa haifutwi na mtu. Kikundi chenu kikipanda, andikeni idadi ya kupanda kwa kalamu moja na idadi ya iliyo hai kwa kalamu nyingine. Mkiulizwa mmefanya nini, tajeni ya pili.

Kabla sijafika kwenye namna ya kuanza, kuna mtego mmoja mnaopaswa kuujua. Utafiti mmoja wa picha za setilaiti ulikadiria mikoko ya Kenya kuwa karibu hekta 45,600 mwaka 2010, ukaonyesha pia kwamba karibu sehemu moja ya tano ilikuwa imepotea tangu 1985. Ule mpango wa taifa wa 2017 unataja zaidi ya hekta 61,000. Mtu asiye mwangalifu akiziweka namba hizi pamoja atasema mikoko imeongezeka kwa theluthi nzima katika miaka saba. Haikuongezeka hivyo. Wapimaji ni wengine, picha ni nyingine, na njia ya kuamua mpaka wa mikoko ni nyingine. Ndani ya utafiti mmoja unaweza kulinganisha mwaka na mwaka, lakini ukiruka kutoka utafiti mmoja kwenda mwingine unalinganisha macho ya watu wawili. Zamani, nikiwa bado kijana kazini, niliwahi kuletewa jedwali la samaki wa pwani lililoonyesha mavuno yamepanda ghafla. Tulifurahi siku mbili. Siku ya tatu tukagundua kwamba mwaka ule waliongezwa waandishi kwenye madiko, sehemu za kuteremshia samaki, ambayo awali hayakuwa yakihesabiwa. Kilichoongezeka ni madaftari.

Basi sheria ya kwanza ya kikundi chenu iwe hii: mahali palepale, msimu uleule, maji yaleyale, njia ileile. Mkipima kwenye bamvua, siku za maji kujaa na kupwa sana, kila mara iwe bamvua. Mkianza kusi, linganisheni na kusi ya mwaka unaofuata, msilinganishe na kaskazi.

Kwa mikoko, jambo la kwanza nitakalokuambia halitoki kwa wataalamu, linatoka kwa wakataji wenu. Amu imekuwa ikipima mikoko tangu kabla ya setilaiti yoyote: fito, pau, mazio, boriti, nguzo, toka nyembamba hadi nene, zote zikihesabiwa kwa korija. Upana wa vyumba vya nyumba za mawe za mji wa kale ulifuata urefu wa boriti. Huo ni mfumo wa vipimo, na una jambo ambalo picha ya angani haiwezi kulisema. Msitu ambao boriti zake zote zimekatwa, ukabaki na fito na pau tu, ukitazamwa kutoka juu bado ni kijani, bado una mita 2, bado unafunika asilimia 15. Kwenye takwimu ya taifa haujapoteza hata hekta moja. Mkataji ndiye anayejua umekwisha, kwa sababu korija ya boriti iliyokuwa ikipatikana kwa siku moja sasa inamchukua siku tatu na safari ya mashua. Muulizeni kila mkataji mwenye leseni mambo mawili tu anaporudi: umepata daraja gani, na imekuchukua siku ngapi kujaza korija. Mkiandika hivyo mwaka mzima mtakuwa na kiashiria ambacho mtu wa Nairobi hana na hawezi kukipata bila nyinyi.

Pamoja na hilo, wekeni viunga vya kudumu. Chagueni sehemu kama sita, baadhi karibu na kijiji na baadhi mbali, kila kimoja mita 10 kwa 10. Ndani yake hesabuni kila mti kwa jina lake, mkoko, mchu, mkandaa, muia, mlilana, mkomafi, na mpime unene wa shina kwa futi ya fundi cherehani. Kawaida ni kupima kwenye kimo cha mita 1.3 kutoka ardhini. Kwa mkoko wenye mizizi ya miguu, pandeni sentimita 30 juu ya mzizi wa juu kabisa ndipo mpime, la sivyo mtakuwa mnapima mizizi. Hesabuni pia visiki vibichi na miche. Visiki ni shinikizo, mashina ni hali, miche ni kesho yake. Chagueni viunga kwa kura au kwa umbali sawa kutoka mkondoni, msichague mahali panapopendeza. Kikundi kinachopima pazuri peke yake kinajidanganya chenyewe kwanza. Na mrudi mara moja kwa mwaka, haihitaji zaidi. Kule Gazi, Kwale, kijiji kinacholinda hekta 117 chini ya mradi wa Mikoko Pamoja kimekuwa kikiuza hewa ya kaboni, yaani kikilipwa kwa kaboni inayohifadhiwa na miti yake, tangu miaka ya mwanzo ya 2010, na wanunuzi wanalipa kwa sababu kuna miti iliyopimwa na daftari la kuthibitisha.

Kwenye samaki watu hukosea kwa kuandika kilo tu. Kilo peke yake haisemi kitu. Mvuvi aliyeleta kilo 20 kwa dau na mshipi hapo mlangoni, na aliyeleta kilo 20 kwa boti ya mashine kutoka Kiwayuu, hawakuleta habari moja. Andikeni kilo, idadi ya wavuvi, saa walizokaa, chombo cha kuvulia, kama ni malema (mitego) au jarife (wavu) au mshipi, na lita za petroli. Gawanyeni kilo kwa watu na saa. Halafu gawanyeni lita kwa kilo. Hiyo ya pili naiamini sana, kwa sababu mavuno yanaweza kuonekana yamesimama palepale miaka kumi huku wavuvi wakizidi kwenda mbali mwaka hadi mwaka kuyafuata. Petroli itaonyesha mapema yale ambayo kilo inayaficha.

Na siku ambayo mashua imerudi tupu, andikeni sifuri. Hili ndilo ninalowasisitizia kuliko yote. Waandishi wa gatini huandika samaki wanapowaona, na mashua tupu hupita bila kuandikwa kwa sababu hakuna cha kupima. Matokeo yake wastani unapanda wakati bahari inashuka. Vivyo hivyo kwa anayemuuzia tajiri akiwa bado maji makuu: muulizeni, hata kama hamkuwaona samaki. Kamati ya ufuo, BMU, tayari ina wajibu wa kuweka kumbukumbu hizi, kwa hiyo msianzishe daftari la kushindana nao. Kaeni nao, mboreshe lililopo.

Kisima ni chepesi. Chini ya mchanga wa visiwa vyetu maji matamu huelea juu ya maji ya chumvi, kama samli juu ya maji. Ukivuta kupita kiasi, au mvua ikikosa, chumvi inapanda. Ndiyo sababu vilima vya mchanga vya Shela, vinavyonywesha mji wa Lamu, ni mali kuliko kiwanja chochote kinachoweza kupimwa juu yake. Nunueni kipima chumvi kidogo cha mkononi, pimeni visima vinne kila mwezi asubuhi kabla watu hawajaanza kuteka, na muandike pia kina cha maji kwa kamba yenye mafundo. Maji ya bahari yana karibu gramu 35 za chumvi kwa lita. Maji ya kunywa yakizidi gramu 1 ya madini kwa lita, ulimi huanza kulalamika. Kati ya hapo na hapo mtaiona safari ya kisima chenu.

Taka za plastiki za ufukweni ziachieni shule. Mita 100 zilezile, mara moja kwa mwezi, watoto wahesabu.

Jambo jingine msilisahau, nami huku Malindi linanikumba kila mwaka. Mto Sabaki unapofurika bahari yetu inageuka rangi ya udongo, na udongo huo umetoka kwenye mashamba na makorongo ya mbali sana, Ukambani na kupanda huko juu. Hali iko Malindi, shinikizo liko bara, na hakuna kaunti moja inayoona vyote viwili. Mkiona kitu kinabadilika Matondoni na hamwoni sababu Matondoni, msikimbilie kumlaumu mkataji wa karibu.

Umeuliza mtasikikaje. Sheria ya mazingira ya 1999, iliyounda NEMA, mamlaka ya taifa ya mazingira, inataka taarifa ya hali ya mazingira itolewe, na kila kaunti ina kamati yake ya mazingira. Pelekeni ukurasa mmoja kwa mwaka, wenye namba tatu na namna mlivyozipima, na mtake risiti ya kupokelewa. Kifungu cha 35 cha Katiba kinawapa haki ya kuziomba ofisi za serikali taarifa zilizonazo. Mwaka 2018 Mahakama Kuu ya Malindi iliamuru wavuvi wapatao 4,600 wa Lamu walipwe fidia ya shilingi bilioni 1.76 kwa sababu ya ujenzi wa bandari. Mwaka uliofuata baraza la rufaa za mazingira lilifuta leseni ya mtambo wa umeme wa makaa ya mawe wa Kwasasi, hukohuko Lamu, wananchi wakiwa hawakushirikishwa ipasavyo. Katika kesi kama hizi swali linalomtoa jasho mvuvi ni moja: kabla ya haya, ulikuwa ukipata kiasi gani? Kumbukumbu ya kichwani wakili wa upande wa pili anaivunja kwa dakika tano. Daftari la miaka mitatu, lenye tarehe, mwezi mwandamo na sifuri zake, halivunjiki hivyo. Na "kabla" haiandikwi baada ya jambo kutokea. Ndiyo sababu nataka muanze bamvua inayokuja, hata kama viunga vitakuwa viwili badala ya sita.

Tengenezeni nakala mbili za kila ukurasa, moja ikae kwa katibu na nyingine kwa mtu asiyekuwa kiongozi wa kikundi, maana viongozi hubadilika na madaftari hupotea nao. Miti ya kwenye kiunga itieni namba. Rangi inaliwa na maji ya chumvi, kwa hiyo kateni vipande vya kopo la soda, chongeni namba kwa msumari, na mvifunge kwa mshipi wa kuvulia. Fundo liwe legevu, mti unanenepa.